Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi kweli? Tiketi ya mama inasema 8, mtandao unasema 15

dada_wa_Sakina

Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana hapa nyumbani tumebishana toka jana na hakuna aliyeshinda. Mama yetu ana miaka 67, mwezi wa sita anaenda New York, mdogo wangu anajifungua huko upande wa New Jersey na mama ndo anaenda kumlea mzazi. Atatoka hapa Arusha na shuttle mpaka Nairobi halafu apande ile ndege ya moja kwa moja. Ndege kwake ni ile ya KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kwenda Dar tu, mara mbili, basi.

Sasa tiketi imekuja. Kuondoka Nairobi 23:55, kufika JFK 07:55. Mama kahesabu kwa vidole kapata masaa nane. Kurudi ni tarehe 20 mwezi wa 11, kuondoka 12:30 kufika Nairobi 10:50 kesho yake, hapo nikihesabu mimi napata masaa 22 na dakika 20. Kwenda nane kurudi ishirini na mbili, kwani kurudi wanapitia wapi?? Nikaingia mtandaoni ndo nikachanganyikiwa kabisa, tovuti moja inasema umbali ni 11,837 nyingine 7,355 nyingine 6,391, na muda moja inasema masaa 13 nyingine 15. Kaka yangu anasema achana na mtandao, tiketi ndo yenye ukweli kwa sababu imelipiwa.

Msicheke lakini sababu kubwa ya kuuliza ni kwamba mama anataka kubeba mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai ampelekee mzazi, anasema kama ni masaa nane unafika wa moto. Na magoti yake yanavimba akikaa sana kwa hiyo nataka nijue atakaa kwenye kiti muda gani kikweli kweli.

kipanga_wa_Usa

Nimecheka dada nisamehe, mama kaniua na huo mtori 😂😂

Ni masaa 15 hivi kwenda. Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji wake, 23:55 ni ya Nairobi, 07:55 ni ya New York. Mwezi wa sita New York wako nyuma yetu masaa 7. Ndege ikitua kule saa moja na dakika 55 asubuhi, wewe hapo Arusha, Sakina, ni saa nane na dakika 55 mchana, umeshakula na vyombo umeosha. Sasa hesabu kutoka saa tano na dakika 55 usiku mpaka saa nane na dakika 55 mchana unapata ngapi? Kumi na tano kamili. Kaka yako mwambie tiketi haijadanganya ila yeye kaisoma vibaya.

Fundi_Rada

Kipanga kajibu muda, mimi nimalizie umbali maana hizo namba tatu zote ni sahihi na zote ni kitu kimoja. 11,837 ni kilomita. 7,355 ni maili za kawaida, zile za barabarani za Wamarekani. 6,391 ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha ndo wanatumia, moja ni kilomita 1.852, zidisha utaona inarudi pale pale. Ukiona namba ya umbali bila kipimo pembeni usiifanyie kazi.

Na hiyo 11,837 ni umbali wa mstari mfupi kuliko wote juu ya dunia, sio njia ambayo ndege inapita. Chukua chungwa, weka pini moja Nairobi nyingine New York halafu vuta uzi ukaze. Ukiufuata huo uzi unatoka Nairobi kaskazini magharibi, unapita Sudan Kusini, unagusa ukingo wa Darfur, Chad, Niger, Algeria, Morocco halafu unaingia Atlantiki unapita karibu na visiwa vya Azores. Ukiichora njia hiyo hiyo kwenye ramani ya ukutani inaonekana imepinda kama upinde, watu wanadhani rubani anazunguka kumbe ramani ndo inadanganya kwa sababu imekunjua kitu cha duara.

Kiuhalisia hawafuati uzi. Sudan tangu vita vilipoanza Aprili 2023 ndege za abiria zinaikwepa, Libya nayo wengi wanaipita mbali, halafu juu ya Atlantiki wanapangiwa njia ya siku hiyo kulingana na upepo. Kwa hiyo mama atasafiri zaidi ya hiyo 11,837, siku nyingine kidogo siku nyingine sana.

Kuhusu 13 na 15. Tovuti zile hazijui ratiba ya ndege yoyote, zinagawanya tu umbali kwa spidi. Aliyegawanya kwa km 900 kwa saa kapata 13 na dakika chache. Aliyegawanya kwa maili 500 kwa saa akaongeza nusu saa ya kupaa na kutua kapata 15 na robo. Hakuna kati yao aliyeuliza upepo, wala foleni ya ndege pale JFK ambayo ukitua unaweza ukazungushwa uwanjani kama daladala inatafuta maegesho. Ratiba ya shirika inahesabu kuanzia ndege inapoachia mlango Nairobi mpaka inapofungua mlango kule, ndo maana hiyo 15 ya tiketi ndo ya kuamini.

bodaboda_msomi

Fundi umesahau kitu kimoja, dunia inazunguka. Inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege ikienda magharibi New York inaifuata ndege yenyewe, na ikirudi Nairobi inakimbia. Ndo maana kwenda 8 kurudi 22. Physics ya form two hiyo.

Fundi_Rada

Mkuu hapana 😅 kwanza 8 na 22 tumeshamaliza ni saa za miji. Ila hoja yako wengi wanayo ngoja tuijaribu. Hapa kwetu karibu na ikweta ardhi inazunguka kama km 1,670 kwa saa. Kama hewa ingekuwa haizunguki na dunia, ungepanda helikopta Nairobi ukasimama hewani nusu saa bila kwenda popote, ukishuka uko usawa wa Goma. Umewahi kuona? Hewa yote inazunguka pamoja na ardhi na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Na angalia tiketi ya mama uone inavyokukataa. Kwenda magharibi ni masaa 15. Kurudi mashariki, hizo 22 na dakika 20 ukitoa tofauti ya saa inabaki 14 na dakika 20. Kurudi ndo haraka! Kwa nadharia yako ingekuwa kinyume. Kinachofanya kazi hapo ni upepo, kule juu kilomita 9 mpaka 12 kuna mkondo wa upepo unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki, mara nyingi unazidi km 150 kwa saa na wakati wa baridi yao ndo unakuwa mkali zaidi. Ukirudi unakusukuma mgongoni, ukienda unapambana nao au unatafuta njia ya kuukwepa.

bodaboda_msomi

Sawa fundi hiyo ya Goma imenimaliza. Ila mimi nina njia ya mkato ya kusoma tiketi bila kujua saa za huko, jumlisha kwenda na kurudi gawanya kwa mbili. 8 na 22:20 ni 30:20, nusu yake 15:10. Inakubali au haikubali?

Fundi_Rada

Akili hiyo, naikubali kasoro nusu saa. 15 na 14:20 wastani wake ni 14:40, wewe umepata 15:10. Nusu saa imepotelea wapi? Wamarekani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi wa 11. Mama anaenda tofauti ikiwa 7 anarudi tofauti ikiwa 8. Kama safari zote mbili zingekuwa mwezi wa sita mpaka wa tisa njia yako ingekuwa safi kabisa.

dada_wa_Sakina

Jamani kumbe!! Mimi nilikuwa nimetoa 7 pande zote nikapata 15 na dakika 20 kurudi nikasema mbona upepo wa fundi haupo 🤦🏾‍♀️

Sasa nauliza, kwa nini usiku wa manane? Hawawezi kuondoka asubuhi kama watu, mama ataka kuona nje.

Fundi_Rada

Hakuna sababu moja tu, kufika asubuhi kule kunasaidia wanaounganisha kwenda miji mingine. Lakini kuna jambo la Nairobi yenyewe ambalo mimi nalipenda. Uwanja uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi, mabawa yanapata kazi na injini pia. Ndege inayoenda masaa 15 imebeba mafuta ya kutisha (ndege yenyewe ni Boeing 787 Dreamliner ile ndogo, tangi zake zikijaa ni zaidi ya lita 126,000), kwa hiyo wanataka ipae wakati kuna ubaridi, na ndo maana pia barabara ya kurukia pale ina zaidi ya kilomita 4. JFK iko usawa wa bahari, pale inapaa mchana saa sita na nusu bila wasiwasi.

Majirani zetu wa Addis wana shida hiyo hiyo na zaidi, wao wako juu ya mita 2,300. Kwa miaka mingi ndege yao ya kwenda Washington ilikuwa inasimama Dublin kuongeza mafuta, kurudi inapitiliza moja kwa moja. Nairobi New York bila kusimama ilianza Oktoba 28, 2018, kabla ya hapo lazima ungeshukia Ulaya au Uarabuni au Addis kwanza.

pwani254

Dadangu pole na harakati. Mimi niko Mombasa, sitaki kuingilia hesabu za wataalamu ila nikuonye kitu kimoja kwa sababu kilinipata mimi mwenyewe na si kosa la mtu. Tiketi yangu ilikuwa 00:30 tarehe 14. Mimi kwa akili yangu ya saa za kwetu nikasema saa sita na nusu usiku ya tarehe 14, basi tarehe 14 jioni nikaaga watu, nikala biriani, nikaenda uwanjani saa tatu usiku na mabegi yangu. Yule binti wa kaunta aliniangalia kwa huruma wallahi, ndege ilikuwa imeondoka jana yake usiku. Kwetu usiku ni mmoja toka magharibi mpaka alfajiri, kwao siku inakatika katikati ya usiku.

Ya mama ni 23:55 kwa hiyo tarehe haijageuka, lakini wakibadilisha ratiba wakaisogeza dakika kumi tu mbele itakuwa 00:05 na tarehe nyingine. Akiletewa ujumbe wa mabadiliko asome mtu mwingine pia, sio mama peke yake.

mamake_Neema_NJ

Dada wa Sakina shikamoo ya mama mpelekee. Niko huku New Jersey mwaka wa tisa na nimempokea mama mkwe wangu kwa ndege hiyo hiyo, kwa hiyo nitasema ya magoti maana naona wanaume wamekalia maili 😄

Hizo 15 ni za ndege tu. Mama yako safari yake inaanza Arusha. Akitoka na shuttle ya saa mbili asubuhi, kupitia mpakani Namanga hadi uwanjani ni kama masaa sita, saa nane mchana yuko JKIA na ndege ni karibu saa sita usiku. Halafu akitua huku kuna foleni ya uhamiaji, mizigo, na nduguze wamekwama kwenye daraja. Akitoka mlangoni saa nne asubuhi ya huku, kwenye mwili wake ni saa kumi na moja jioni. Hesabu toka alivyopanda shuttle, ni masaa 33. Mtu wa miaka 67 ndo anayaona hayo, sio 15.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Shuttle ya asubuhi ndiyo, ile ya saa nane mchana inafika lakini pale mpakani kukiwa na foleni utakaa roho juu. Muda wa kukaa uwanjani atembee, asikae. Omba kiti cha magurudumu mapema wakati wa kuthibitisha tiketi, hawalipishi, na sio kwamba hawezi kutembea ila yule kijana anayesukuma ndo anajua njia zote na anampitisha foleni. Mama mkwe alikataa akasema yeye sio mgonjwa, nikamwambia mama wewe ni mgeni rasmi, akakubali.

Ndani ya ndege kiti cha pembeni mwa njia, sio dirishani, najua anataka kuona nje lakini ni usiku, ataona taa ya bawa tu. Kila akiamka asimame atembee mpaka nyuma arudi. Soksi za kubana miguu anunue famasi huko huko, ila kwa magoti yanayovimba amuone daktari kwanza kabla ya safari, damu kuganda miguuni kwenye safari ndefu sio hadithi. Maji anywe kidogo kidogo, hewa ya ndani ni kavu sana. Wahudumu wanaongea Kiswahili, hiyo kwangu ilikuwa sababu tosha ya kulipa zaidi kidogo.

kipanga_wa_Usa

Kuhusu kulipa zaidi, wapo watakaokwambia mpandishe KIA apitie Doha, hakuna Namanga hakuna shuttle. Ni kweli KIA ni karibu na nyumbani, lakini KIA Doha ni kama km 3,550 halafu Doha New York ni zaidi ya 10,700, jumla karibu 14,300, yaani kilomita kama 2,500 zaidi na kushuka na kupanda katikati. Unaenda mashariki ya kaskazini kwanza ndo ugeuke magharibi. Kwa kijana sawa, bei ikiwa nzuri mimi ningeenda.

mamake_Neema_NJ

Na kipande cha Doha New York peke yake kinakaribia urefu wa Nairobi New York yote, kwa hiyo magoti hayajaokoka, yameongezewa tu masaa sita ya mbele.

bodaboda_msomi

Hii ya mama ndo ndefu kuliko zote duniani?

Fundi_Rada

Wala. Singapore kwenda New York ni zaidi ya km 15,300, watu wanakaa angani karibu masaa 19. Mama yako akilalamika mwambie kuna wenzake.

Kitu kingine dada, ile Dreamliner hewa ya ndani wanaibana iwe kama uko mita 1,800 hivi juu ya bahari, ndege nyingi za zamani ni kama 2,400. Arusha mjini ni 1,400. Kwa hiyo kifua chake kitajisikia kama yuko Nairobi na kilima kidogo. Kwa mtu aliyezaliwa mlimani hiyo si kitu.

dada_wa_Sakina

Kazaliwa Marangu huyu, fundi 😂 nimemsomea yote kwa sauti. Ya Goma kaielewa kuliko mimi. Ya masaa 33 kanyamaza kidogo halafu akasema basi la Mwanza enzi zile lilikuwa linalala njiani na hakufa. Kiti cha magurudumu kakataa, nimemwambia mgeni rasmi, kasema atafikiria.

Swali lililobaki ni lake yeye mwenyewe, mtori. Ameshaambiwa sio nane ni kumi na tano anasema basi ataweka kwenye chupa kubwa ile ya harusi, na kama haiwezekani abebe mkungu wa ndizi mshale akapikie huko huko.

mamake_Neema_NJ

Mwambie mama kwa heshima zote mtori hautapita hata Nairobi. Pale kwenye ukaguzi chochote cha majimaji kwenye begi la mkononi ni mililita 100 mwisho, na mtori ni majimaji. Tena mtori wake si una nyama, nyama huku hairuhusiwi. Mkungu ndo kabisa, matunda mabichi ukiyaficha wanakupiga faini, ukiyataja wanayachukua mbele ya macho yako wanatupa kwenye pipa, nimeona mtu analia kwa ajili ya maembe.

Lakini asihuzunike, ndizi za kupika huku ziko tele maduka ya Walatino na ya Waafrika, sio mshale lakini zinaponda. Nyama ipo. Kinachokosekana ni mkono wake tu na huo hauhitaji kutajwa forodhani.

dada_wa_Sakina

Nimemwambia. Kauliza hao Walatino ni watu wa wapi na kama wanamenya na maji au bila maji.

Mkungu alikuwa ameshauagiza Marangu, umefika leo na gari ya Noah. Tunapika mtori hapa kwetu, kipanga kama uko karibu na Sakina pita.